Kodi Kwanza, Kura Baadaye

Alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya msitu, mitumbwi huanza kuvuka Mto Kongo kutoka Lubunga, komini pekee ya Kisangani iliyo ng'ambo ya kushoto, kuja upande wa Makiso penye soko na maofisi; na mtu aliyezoea kusimama gatini saa hizo hana haja ya kuhesabu ili ajue kwamba karibu wote wanaoshuka ni wanawake. Hushuka na mihogo, na mikungu ya ndizi, na sombe iliyofungwa mafungu mafungu, na mkaa, na samaki waliokaushwa kwa moshi. Na kabla hajauza hata fungu moja kila mmoja amekwisha kulipa mara mbili, kwanza nauli ya mtumbwi, kisha ushuru wa meza, ambao mtozaji wake hupita na kitabu cha tiketi mkononi akimwita kila mama kwa jina lake. Nimelitazama jambo hili miaka mingi, na kila nilipolitazama nimejiuliza imekuwaje serikali imjue mwanamke huyu vizuri namna hii asubuhi inapotaka fedha yake, kisha isimjue mchana, watu wanapoketi kuamua fedha hiyo itumikeje.

Swali hili si la Kisangani peke yake, wala halikuzaliwa jana. New Zealand iliwapa wanawake kura mwaka 1893. Finland iliwaruhusu kuchagua na kuchaguliwa mwaka 1906, na mwaka uliofuata wanawake 19 wakaketi bungeni. Uswisi, inayopenda kujisifu kwa demokrasia yake ya kale, ilingoja hadi 1971. Siku hizi haki yenyewe imekwisha kuandikwa karibu kila mahali, lakini ukiyachukua mabunge yote ya dunia kwa pamoja utawakuta wanawake wamepita robo kwa kiasi kidogo tu, na thuluthi hawajaifikia. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uchaguzi wa mwaka 2006, ambao ulikuwa wa kwanza wa vyama vingi baada ya miongo minne, uliwapa viti 42 kati ya 500. Na tangu hapo wamesogea kwa mwendo wa kinyonga, hata uchaguzi wa Desemba 2023 haukuwafikisha kwenye sudusi ya baraza.

Aghalabu wanaoandika juu ya mambo haya huishia hapo penye hesabu, kisha huinua mikono na kuitaja desturi: kwamba Mwafrika kwa asili yake hamkubali mwanamke kuwa mkubwa, na kwamba tungoje vizazi vipite. Mimi siyakubali maneno hayo. Naona desturi imesingiziwa makosa ambayo si yake, na kwamba kizuizi kikubwa kiko mahali padogo pasipotazamwa sana, yaani mlangoni pa orodha ya wagombea, ambapo watu wachache wenye ufunguo huamua nani ataingia, ataingia kwa kazi gani, na kura zake zitamnufaisha nani.

Maana desturi ni shahidi mwenye ndimi nyingi. Waarabu wa Omani walipoiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, Unguja ilikuwa chini ya malkia, Fatuma, nao wakamhamishia Maskati kwa sababu alikuwa na nguvu ya kuogopwa. Mwaka 1913, Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, aliwainua watu wake dhidi ya Waingereza waliotaka kodi na vibarua, na Waingereza, ambao nyumbani kwao walikuwa bado hawajawapa wanawake kura ya bunge, walimkamata na kumpeleka mbali kama wanavyopelekwa majemadari. Hata Kiswahili chetu hiki cha Kisangani, ambacho kilifika na misafara ya pembe, na kikapata heshima ya lugha ya utawala pale Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alipofanywa liwali wa maporomoko ya mto hapa mjini mwaka 1887, kililetwa na wanaume, lakini nadhani kimedumu kwa ndimi za wanawake wa sokoni, kikishindana kila siku na Lingala inayopanda mto kutoka Kinshasa. Mwenye kusema kwamba hapa mwanamke hakuwahi kuwa na sauti amekuwa kiziwi kwa hiari yake.

Tuanze basi na kodi, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia. Wabelgiji, katika miji waliyoijenga, Stanleyville, yaani Kisangani yetu, ikiwa mmojawapo, waliwatoza kodi wanawake waliohesabiwa kuwa wanaishi peke yao. Mwanamke aliyeolewa hakutozwa, maana mumewe alilipa, na yeye alihesabiwa ndani ya mumewe. Lakini mjane, na aliyepewa talaka, na mchuuzi aliyekuja mjini kutafuta riziki, hao walitakiwa walipe kwa majina yao, na ndani ya kodi hiyo mlikuwa na tuhuma isiyoandikwa, kwamba mwanamke asiye na mume mjini hawezi kuwa na kazi ila moja. Huko Usumbura, Bujumbura ya leo, katika mtaa wa Buyenzi, wanawake Waislamu wenye kusema Kiswahili waliikataa kodi hiyo katika miaka ya 1950, si kwa sababu ya fedha tu bali kwa sababu ya fedheha. Vipi mjane mcha Mungu aandikwe katika daftari moja na makahaba? Hawakuwa na kura, hawakuwa na chama, hawakuwa na mjumbe popote, na hata hivyo walifanya siasa, tena siasa safi. Nalitaja tukio hili kwa makusudi, kwa kuwa wengi hudhani ushiriki wa mwanamke katika siasa umeanza siku alipopewa karatasi ya kura, na hivyo huyapoteza yaliyotangulia, ambayo ndiyo yenye mafunzo.

Wala tusiwatake Wabelgiji wagawe wasichokuwa nacho. Ubelgiji yenyewe iliwapa wanawake wake kura kamili ya bunge mwaka 1948 tu, yaani miaka 12 kabla ya bendera yao kushuka hapa. Elimu waliyowaletea mama zetu katika majumba yao ya jamii ilikuwa kushona, kupika, kuosha mtoto na kupanga nyumba kwa namna ya Kizungu. Wakati huohuo wanaume waliandaliwa kuwa makarani, na kutoka katika ukarani, kama Patrice Lumumba aliyekuwa karani wa posta hapahapa Stanleyville, wakatoka wanasiasa. Hivyo sheria ya uchaguzi ya Machi 1960 ilipoandikwa, iliwapa kura wanaume peke yao, na hakuna aliyeshangaa. Na Mei mwaka huo, chama cha MNC cha Lumumba kilipopata viti vingi kuliko chama chochote, huku mji wetu ukiwa ngome yake, nusu ya watu wazima wa nchi ilikuwa imesimama kando ya barabara ikitazama.

Ilitazama, lakini haikunyamaza. Andrée Blouin, mzaliwa wa Ubangi-Shari mwaka 1921, alizunguka vijijini katika mwaka huo wa uhuru akiwakusanya wanawake katika harakati iliyoshikamana na chama cha Antoine Gizenga, kisha akawa mkuu wa itifaki wa Lumumba. Mwanamke asiyeruhusiwa kupiga kura alikuwa akipanga nani amwone waziri mkuu. Na Februari 1961, habari ya kuuawa kwa Lumumba ilipotangazwa, mjane wake, Pauline Opango, alipita katika njia za Léopoldville, Kinshasa ya leo, kifua wazi, kama desturi ya maombolezo inavyotaka, akiudai mwili wa mumewe. Picha yake ikaenea ulimwenguni. Wapo wanaoiona kuwa picha ya huzuni tu. Mimi huiona kuwa ni maandamano, na ya mtu mmoja aliyejua vema nini anachokifanya.

Sophie Kanza, Mkongomani wa kwanza wa kike kupata shahada ya chuo kikuu, aliyoipata Lovanium mwaka 1964, aliingizwa katika baraza la mawaziri Oktoba 1966, kabla wanawake hawajapata kura. Zingatia mpangilio huo: waziri kwanza, mpiga kura baadaye. Kura ilikuja na katiba ya Juni 1967, na haki ya kugombea ikafuata mwaka 1970. Lakini wakati huo chama kilikuwa kimoja, na kura ilikuwa ya kuitikia. Kazi kubwa zaidi aliyopewa mwanamke katika zama za Rais Mobutu ilikuwa kucheza ngoma. Watu wa rika langu wanayakumbuka makundi ya akina mama waliovaa vitenge vyenye sura ya Rais, waliosimamishwa juani tangu asubuhi katika uwanja wa ndege au kando ya gati wakimngoja mkubwa fulani, wakiimba maneno waliyotungiwa. Waliitwa mama wa taifa. Nisemeje? Sijaona namna ya kumtukuza mtu na kumnyang'anya kwa wakati mmoja iliyo kamili kuliko ile.

Sasa tuje katika sheria, maana hapa ndipo penye fundo. Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 14, yasema mwanamke ana haki ya kuwakilishwa kwa insafu katika vyombo vya taifa, vya majimbo na vya mitaa, na dola ina dhamana ya kuutekeleza usawa huo. Ni maneno mazuri. Nchi nyingi tajiri hazina mfano wake. Lakini majuma matatu tu baadaye, tarehe 9 Machi 2006, ikatoka sheria ya uchaguzi, ambayo katika kifungu chake cha 13 inaagiza kila orodha izingatie usawa wa wanaume na wanawake, kisha, kwa sentensi moja fupi, inaongeza kwamba kutouzingatia si sababu ya orodha kukataliwa. Amri isiyo na adhabu huwa ni ushauri, na ushauri hufuatwa na mwenye kupenda. Sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 juu ya haki za mwanamke na usawa ilirudia ahadi ileile kwa urefu zaidi, bila kuweka kufuli mlangoni. Mwaka 2022 sheria ya uchaguzi ilipotengenezwa upya, watunga sheria walichagua kubembeleza badala ya kulazimisha: orodha yenye wanawake nusu au zaidi ikasamehewa kulipa dhamana ya fedha inayotakiwa kwa kila kiti.

Kwa mtazamo wa haraka msamaha huo ni neema. Lakini tazama jinsi kura zinavyohesabiwa katika jimbo la uchaguzi lenye viti zaidi ya kimoja, kama mji wa Kisangani. Mpiga kura humchagua mtu mmoja tu katika orodha. Kura za watu wote wa orodha ile hujumlishwa ili ijulikane chama kimepata viti vingapi. Kisha viti hivyo hupewa wale wa orodha hiyohiyo waliopata kura nyingi zaidi kila mmoja kwa nafsi yake. Sasa chukua mwanamke mchuuzi wa komini ya Mangobo, mwenye jina jema katika mtaa wake na katika kwaya ya kanisa lake, ambaye chama kimemwomba jina mwezi mmoja kabla ya siku ya kufunga orodha. Hana gari, hana kipaza sauti, hana fedha ya mafuta. Lakini jamaa zake, na wateja wake, na wanakwaya wenzake watampigia kura, labda mia chache, labda elfu. Kura hizo hazimtoshi yeye kushinda, lakini hazipotei: zinaingia katika jumla ya orodha, na jumla hiyo humpandisha yule bwana mwenye gari na kipaza sauti aliye juu yake kwa hesabu. Chama kimesamehewa dhamana kwa ajili ya jina lake, na kimepata kiti kwa ajili ya kura zake, naye anarudi sokoni akiwa na deni la fulana alizochapisha. Huitwa mgombea, na kwa kweli amekuwa ngazi.

Hii ndiyo sababu sishangazwi na wanaosema kwamba wanawake wa Kongo wanagombea lakini hawachaguliwi, na wala sikubaliani na hitimisho lao kwamba wanawake hawapendani. Neno hilo, kwamba adui wa mwanamke ni mwanamke, limekuwa likirudiwa hata na wasomi, kana kwamba wanaume huchaguana kwa mahaba. Mpiga kura, awe mume au mke, humchagua yule anayemwona anaweza kuwa na kitu mkononi, na katika nchi ambayo dola haionekani ila wakati wa kutoza, kitu hicho ni mfuko wa chumvi, kitenge, nauli ya kumpeleka mgonjwa. Mwenye mfuko ndiye mwenye kura. Na mfuko nao una historia yake katika sheria: Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe kabla ya kutenda jambo la kisheria lenye kumfunga, na takwa hilo likadumu hadi Julai 2016 lilipofutwa, ingawa mume amebaki kuwa mkuu wa nyumba kwa maandishi. Kwa karibu miaka 30, basi, mwanamke aliyeruhusiwa na katiba kuwania urais aliweza kuzuiwa na mumewe asitie sahihi katika mkataba. Catherine Nzuzi wa Mbombo na wenzake watatu waliogombea urais mwaka 2006, na Marie-Josée Ifoku aliyekuwa mwanamke pekee katika kinyang'anyiro cha 2018, walishindana na wanaume waliokuwa wamekusanya mali chini ya sheria nyingine.

Tutoke kidogo tukawatazame majirani, kwa kuwa wao wamejaribu yale tuliyoyaogopa. Rwanda, kwa katiba ya mwaka 2003, iliweka sakafu ya asilimia 30, na katika viti 80 vya baraza lake ikavitenga 24 vichaguliwe kwa ajili ya wanawake peke yao; mwaka 2008 wakapita nusu, na mwaka 2013 wakafika 51, kiasi ambacho hakuna bunge jingine duniani lililokifikia wakati huo. Burundi nayo iliandika asilimia 30 katika katiba yake ya 2005, na wakipungua huongezwa. Uganda tangu 1989 ina mwakilishi mwanamke kwa kila wilaya. Hakuna hata moja kati ya nchi hizi iliyongoja desturi ibadilike. Mwenye kutaka kunijibu kwamba hesabu si uhuru, na kwamba bunge lililojaa wanawake laweza kuwa bunge lisilothubutu kumwuliza Rais swali gumu, hatanikuta na ubishi. Lakini bunge la wanaume lisilothubutu tumelizoea pia, na hakuna aliyelitumia kuwa hoja ya kuwatoa wanaume.

Tanzania ina somo jingine, la uchungu zaidi. Hapo ndipo Bibi Titi Mohamed, tangu mwaka 1955, alipowaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU kwa maelfu, wengi wao waimbaji wa vikundi vya ngoma na wapika maandazi ambao hakuna chama kilichowahi kuwadhania. Na hapo ndipo tangu Machi 2021 anaketi Samia Suluhu Hassan, Rais aliyetoka Unguja. Kati ya hao wawili kuna viti maalum, ambavyo vimehakikisha thuluthi ya bunge, lakini hugawiwa na chama kwa kadiri ya kura zake, na mwenye kukalia kiti hicho hana jimbo wala mpiga kura wa kumkimbilia. Novemba 2020 wanawake 19 wa Chadema waliapishwa katika viti hivyo huku chama chao kikisema hakikuwateua, kikawafukuza, nao wakaendelea kuketi. Kwa miaka kadhaa nchi nzima ikawa inajadili ni nani aliyewaleta, na hakuna aliyeweza kujibu kwamba ni wananchi, kwa sababu kwa utaratibu wenyewe wananchi hawaulizwi. Kenya ilipita njia ya tatu. Katiba yake ya 2010 inakataza jinsia moja kuzidi theluthi mbili katika chombo chochote cha kuchaguliwa. Bunge likashindwa kutunga sheria ya kulitimiza neno hilo, hata Jaji Mkuu David Maraga, Septemba 2020, akamshauri Rais alivunje bunge lenyewe. Halikuvunjwa.

Ukiniuliza nichague, ningechukua sakafu ya Rwanda na kuikataa kamba ya viti maalum: orodha isiyo na wanawake wa kutosha ikataliwe palepale mezani, na wanawake hao wapigiwe kura na watu waliokanyaga matope pamoja nao.

Maana ugonjwa wa Kongo, ukiuchungulia kwa makini, ni huu: mlango wa kuchaguliwa ni mwembamba, na mlango wa kuteuliwa umekuwa ukipanuliwa. Aprili 2024 Judith Suminwa Tuluka alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu, na furaha iliyoonekana hapa mjini siku ile haikuwa ya kuigiza. Kabla yake, Aprili 2019, Jeanine Mabunda alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Bunge la Taifa. Mwezi wa Desemba 2020, muungano wa vyama uliompandisha ulipovunjika, wabunge 281 wakapiga kura ya kumwondoa, dhidi ya 200. Siandiki kwamba aliondolewa kwa sababu ni mwanamke, maana wanaume nao walianguka katika pambano lile. Naandika tu kwamba aliyepandishwa kwa mapatano ya wakubwa hushuka kwa mapatano ya wakubwa, na mwanamke ambaye njia yake ya kupanda ni hiyo tu hana ngazi nyingine ya kurudia.

Jimbo letu limeyaona hayo kwa karibu. Tangu Tshopo ilipozaliwa mwaka 2015 kwa kugawanywa Orientale ya zamani, mwanamke wa kwanza kulishika alikuwa Madeleine Nikomba, aliyeingia 2022 na kutoka 2024. Gavana wa Kongo hachaguliwi na wananchi. Huchaguliwa na wabunge wa jimbo, watu wachache wanaoenea katika ukumbi mmoja, na kwa muda mrefu imekuwa ikisemwa waziwazi kwamba kura za ukumbi huo zina bei. Machi 2019 tuhuma za rushwa katika uchaguzi wa maseneta, ambao huchaguliwa kwa njia hiyohiyo, zilikuwa nzito hata Rais Tshisekedi akasimamisha kuapishwa kwao na kuahirisha uchaguzi wa magavana. Gavana Nikomba hajakaa mwaka, Februari 2023 ukalipuka mgogoro wa Wambole na Walengola juu ya ardhi ya ng'ambo ya Lubunga, nyumba zikachomwa, watu wakavuka mto na magodoro vichwani. Nilisikia kwa masikio yangu wanaume wakisema vita ile imekuja kwa sababu kiti kimekaliwa na mwanamke. Waliosema hivyo walikuwa wameishi hapa Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipopigana siku sita ndani ya mji huu na kuua mamia ya raia, na hapakuwa na mwanamke hata mmoja aliyetoa amri katika pande hizo mbili.

Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio lake la 1325, la kutaka wanawake washirikishwe katika kutafuta amani, tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo wa 2000, makaburi ya Kisangani yakiwa bado mabichi. Mapatano ya Sun City, ya kutafuta amani ya Kongo, yakaja 2002, yakiwa yamejaa suti. Na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoihukumu Uganda, Februari 2022, ilipe dola milioni 325, na ofisi ya kugawa fidia ikawekwa hapa mjini, waliopanga foleni na bahasha za vyeti chini ya kwapa walikuwa, kwa macho yangu, wengi wao wajane.

Siku moja baada ya uchaguzi wa Desemba 2023, ambao kwa mara ya kwanza uliwachagua pia madiwani wa komini katika miji mikuu ya majimbo, nilivuka kwenda Lubunga katika mtumbwi mmoja na mama muuza lituma, ndizi zile zilizochemshwa na kutwangwa ambazo mgeni hajafika Kisangani mpaka amezionja. Alikuwa amejifunga kitenge cha mgombea mmoja na kuvaa fulana ya mwingine, na kiganjani alikuwa bado na namba ya mtu wa tatu, iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, namba aliyoitafuta katika kioo cha mashine ya kupigia kura.

"Wewe mwenyewe, mama, mbona hukugombea udiwani?" nilimwuliza.

"Walikuja kuniomba jina, mwalimu," akasema. "Nikawauliza, mkishachukua jina, mimi mtaniachia nini? Wakacheka."

Nikamwuliza kama katika likelemba yao, kile chama cha akina mama 20 wanaochangiana kila juma na kupokezana fungu, kuna viongozi. Akaniambia wapo: mwenyekiti, katibu, na mweka hazina, ambaye ni yeye, kwa mwaka wa tatu sasa. Huchaguliwa kila Januari kwa kuinua mikono. Anayechelewa kikaoni hulipa faini, na mweka hazina wa kwanza, aliyekula fedha, aliondolewa kikao kilekile na kulipa hadi senti ya mwisho.

"Na nani hutengeneza orodha ya wanaogombea?"

Alinitazama kama anayedhani sikusikia vizuri. "Orodha ya nini, mwalimu? Si tunajuana."

Mpiga kasia akagonga ubavu wa mtumbwi, tukainuka, naye akaniomba nimshikie beseni la lituma mpaka atie mguu nchi kavu.